Kutu Hujificha Chini ya Rangi

Plau yenye rangi nzuri inaweza kuwa mbovu. Mzee mmoja aliniambia, "Bwana shamba, plau yangu nimeipaka rangi." Nilipoikwangua kwa kisu, chuma kilimeguka.

Kutu ni chuma kilicholiwa na maji pamoja na hewa.

Kagua plau yako kabla ya mvua. Ioshe, ikauke. Tazama kwenye maungio na bolti. Rangi ikivimba kama lengelenge, ikwangue. Ukiona unga mwekundu, sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Ndipo upake rangi ya kuzuia kutu, siku kavu.

Usipake rangi juu ya kutu. Utaificha, nayo itaendelea kula.

Jembe la plau halipakwi rangi. Ukimaliza kulima, lipake grisi.

Plau ikivunjika, mvua haitakungoja.