Magoti ya Mama Zetu na Mwiba wa Nyuki

 

Wasomaji wetu watukufu, ni nadra nyumba yenye mtu mzima isiyoyajua maradhi ya viungo. Wazee wetu waliyaita baridi yabisi, yaani ubaridi na ukavu, kwa kuwa matabibu wa Kiarabu wa zamani, wakiwafuata Wayunani, waliyapima maradhi kwa joto na baridi, unyevu na ukavu. Jina hilo moja limebeba maradhi mbalimbali. Kuna kuchakaa kwa gegedu, ile nyama ngumu inayozuia mifupa isisagane. Kuna maradhi ambayo kinga ya mwili hugeuka ikavishambulia viungo vyenyewe, mgonjwa akaamka vidole vimekakamaa kwa saa nzima au zaidi. Na kuna jongo, linaloletwa na chembe za asidi ya yuriki kujikusanya kwenye kiungo. Dawa ya moja si dawa ya jingine, na hapo ndipo wengi wanapoumia.

Jambo hili lilitudhihirikia tulipokuwa katika ziara ya da'wa kanda ya Ziwa. Tulifika Luanda Kotieno, kaunti ya Siaya, mahali ambapo feri huvuka kwenda Mbita. Ufukweni akina mama walikuwa wakianika omena juu ya nyavu, migongo imeinama juani. Mmoja wao, mama wa Kiislamu mwenye asili ya Kendu Bay, alikuwa ameketi kigodani, magoti yamefura. Kijana mmoja mfuga nyuki alikuwa amemwahidi kumwekea nyuki kumi kila goti, kwa malipo, akimwambia kuwa hiyo ni tiba ya Mtume.

"Sheikh," akatuuliza, "si Qur'ani imesema nyuki ana shifaa? Basi akiniuma si ndiyo dawa yenyewe?"

Nasi tukamwuliza, "Mama, umewahi kuumwa na nyuki?"

Akasema ndiyo, mara moja tu, mkononi. Binti yake akadakia kwamba siku ile uso wa mama ulivimba hata macho yakafumba, na pumzi zikambana mpaka wakamkimbiza zahanati. Hatukuhitaji kusikia zaidi. Tulimwambia, "Mama, kwako wewe nyuki mmoja anatosha kukutoa roho. Usikubali hata mmoja."

Kisha tulimjibu swali lake kwa dalili, na jibu hilo tunalileta kwenu pia. Katika Suratun-Nahl, Aya ya 68 na 69, Mwenyezi Mungu ametaja shifaa katika kinywaji kitokacho matumboni mwa nyuki, nacho ni asali. Mwiba haukutajwa. Hatusemi kwamba kutibu kwa sumu ya nyuki ni haramu kwa asili yake, tunasema kwamba anayeipa jina la tiba ya Mtume amemsemea Mtume (S.A.W.) asilolisema, na hilo ni jambo zito.

Ama kwa upande wa elimu ya tiba, habari ya sumu ya nyuki si mpya. Mwaka 1888 daktari Filip Terč, aliyefanya kazi katika mji wa Maribor, ambao leo umo nchini Slovenia, alichapisha habari za wagonjwa wa viungo aliowatibu kwa kuwaumiza na nyuki. Karibu nusu ya sumu hiyo ikikaushwa ni kitu kiitwacho melitini, na wataalamu wameona kwa wanyama wa maabara kwamba kwa kipimo kidogo inaweza kupunguza uvimbe. Lakini kwa binadamu ushahidi ungali dhaifu, na hatari yake imethibiti. Mwaka 2018 madaktari wa Hispania walitangaza kisa cha mwanamke wa miaka 55 aliyefariki kwa tiba hiyo, ilhali alikuwa ameifanya kwa miaka miwili bila ya madhara. Kwa hivyo kusalimika jana si dhamana ya kusalimika leo. Tena nyuki wetu wa Afrika ni wakali, na mmoja akiuma huacha harufu inayowaita wenzake.

Ng'ambo ya maji yale, huko Mbita, kuna tawi la icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoasisiwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, mzaliwa wa Mombasa. Huko mdudu huchunguzwa kwa vipimo na miaka ya subira. Vipi basi mwili wa mama yetu ujaribiwe kwa kukisia? Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba anayejitia utabibu na hajulikani kuwa na elimu hiyo hubeba dhamana ya madhara atakayoyaleta.

Hatuzidharau dawa za asili. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika juu ya surinjani kwa ugonjwa wa jongo, na kutoka mmea wa jamii hiyo hutolewa kolchisini, dawa ambayo madaktari wanaiandika hadi leo. Lakini surinjani ikizidi kipimo huua. Tangawizi na manjano huwapunguzia baadhi ya watu maumivu ya goti kwa kiasi, na manjano huingia mwilini vyema ikichanganywa na pilipili manga. Ila anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwulize daktari wake kwanza. Malhamu ya pilipili nayo hutuliza maumivu. Hata omena ina hukumu mbili: mafuta ya samaki humfaa yule ambaye kinga imemgeukia, lakini mwenye jongo akila dagaa kwa wingi huzidisha asidi ya yuriki.

Na jihadharini sana na vidonge na unga wa "asili" unaoondoa maumivu kwa siku moja. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu Artri King, iliyouzwa kama dawa ya asili ya viungo huku ndani yake mmefichwa deksamethasoni na diklofenaki. Dawa hizo zikitumiwa kiholela hupandisha sukari na kutoboa tumbo, na aliyezoea deksamethasoni akiikatiza ghafla huweza kuanguka.

Mama yule alikuwa na uchungu mwingine, ambao hakuutaja mpaka tulipokaribia kuagana. Alisema kwa sauti ya chini, "Naona haya, sheikh. Wenzangu wanasujudu, mimi siwezi." Kumbe ndiyo sababu iliyokuwa ikimpeleka kwa nyuki. Tulimkumbusha habari ya Imran bin Huswayn (R.A.), aliyekuwa mgonjwa, Mtume (S.A.W.) akamwamrisha aswali wima, asipoweza aswali ameketi, asipoweza aswali kwa ubavu. Sijida ya kuinamisha kichwa kitini, kwa asiyeweza, ni sijida kamili. Akalia.

Baadaye binti yake alimpeleka hospitali, akaonekana ana kuchakaa kwa gegedu. Alifundishwa mazoezi ya kutia nguvu misuli ya mapaja, akapewa mkongojo, na omena sasa huanika kwenye kichanja kirefu bila kuinama. Magoti hayajapona, lakini anatembea, na anaswali kitini.

Enyi watoto wenye wazazi, msingoje mama aseme. Mpelekeni ajulikane ana maradhi gani, mwekeeni kiti kwenye mswala wake, na mpeni asali anywe kama hana kisukari. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuzitafuta sababu kwa elimu na kutawakali Kwake. Amin.

Wabillahi tawfiq.