Ukungu wa Limuru juu ya boksi la mshumaa

Wale mnaokuja hapa kusoma habari za hifadhidata na seva, leo mnivumilie kidogo maana nataka kuandika juu ya brashi na rangi. Msikimbie lakini. Tarakilishi itaingia, na hitilafu pia zitaingia.

Nikifunga kazi ya programu jioni, mimi huchora. Mwaka huu mama mmoja wa Limuru anayetengeneza mishumaa aliniomba nimchoree mandhari za kuweka kwenye maboksi yake. Si mishumaa ile tunayowasha stima ikipotea. Hii ni ya zawadi, ya nta ya soya iliyotiwa mafuta ya mchaichai au mkaratusi, na bei ya mmoja ingemtosha mtu kununua unga wa siku nyingi. Alitaka picha za mtindo wa impreshonisti, zichorwe kwa mkono, harufu nne, maboksi manne.

Nilimwambia mtindo huo umemfaa kuliko alivyodhani. Mnunuzi dukani hawezi kunusa mshumaa uliofungwa, kwa hivyo picha ndiyo inayomnusisha. Ukimchorea kila jani la mkaratusi umempa somo la botania. Ukimchorea hewa ya saa kumi na mbili asubuhi, mwanga ukipenya kwenye ukungu, pua yake inafanya kazi iliyobaki. Monet alipochora bandari ya Le Havre mwaka 1872, meli zilikuwa vivuli tu na jua lilikuwa doa la rangi ya chungwa. Picha hiyo ilipoonyeshwa Paris mwaka 1874, mwandishi Louis Leroy aliichukua jina lake akawadhihaki nalo wachoraji wote wa maonyesho yale, na jina likawaganda hadi leo.

Sasa tuje kwenye boksi. Lina pande nne, kila upande sentimita 9 kwa 11. Watu wengi huchora picha moja ya mbele na kuacha pande tatu zikiwa na rangi tupu. Mimi nilitaka mandhari moja inayozunguka pande zote, sentimita 36, isiwe na mwanzo wala mwisho. Waandishi wa programu mtaielewa haraka: ni hesabu ya saa, baada ya 12 inarudi 1. Mlima unaotokea ukingo wa kulia lazima uingilie ukingo wa kushoto kwa urefu ule ule na rangi ile ile. Kwenye tarakilishi ungeisogeza picha nusu ili kiungo kije katikati, ukakipaka, ukamaliza. Kwenye karatasi haiwezekani. Basi nilitafuta mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia wenye mzingo unaokaribia huo, nikauzungushia karatasi nzito, nikachora huku nikiuzungusha kwa mkono wa kushoto. Nilitumia akriliki kwa sababu inakauka upesi. Rangi ya mafuta ingenipaka mimi kabla ya karatasi.

Monet mwenyewe aliishia hapo hapo, ingawa kwa ukubwa mwingine. Yale mayungiyungi yake ya mwisho yamo katika vyumba viwili vya umbo la yai pale Orangerie, Paris, vilivyofunguliwa mwaka 1927, miezi michache baada ya kifo chake. Unasimama katikati na ziwa linakuzunguka. Mimi nimeligeuza nje, anayezunguka ni mtazamaji, au tuseme boksi mkononi mwake.

Shida ilikuwa zambarau. Asubuhi Limuru, vivuli kati ya mistari ya majani chai si vyeusi wala si vya kijivu, vina zambarau ndani yake. Waimpreshonisti waliliona jambo hilo mapema, na wahakiki wakawacheka kwamba wanaona zambarau kila mahali. Lakini zambarau ing'aayo ni adui wa matbaa. Kioo cha tarakilishi huchanganya mwanga mwekundu, kijani na bluu; mashine ya kuchapa huchanganya wino wa sayani, majenta, manjano na mweusi. Kuna rangi ambazo kioo kinazionyesha na wino hauzifikii kabisa, na zambarau yangu ilikuwa miongoni mwao. Niliskani picha, nikaigeuza iwe ya rangi za uchapaji, na milima ikalala papo hapo kama maji ya kuoshea brashi. Fundi wa matbaa alipotoa sampuli alinitazama akasema, "Hii ndiyo mashine inaweza, boss. Ukitaka zaidi tuongeze wino wa tano, na hiyo ni bei nyingine." Mama wa mishumaa hakuwa na bei nyingine. Alikuwa tayari ameweka akiba yake yote kwenye nta na glasi za Krismasi.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mzee mmoja Mfaransa, Michel Eugène Chevreul. Alikuwa mwanakemia, na mwaka 1824 alipewa usimamizi wa kupaka rangi nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins. Watu walikuwa wakilalamika kwamba rangi nyeusi ya kiwanda ni hafifu. Aliipima, akakuta rangi yenyewe haina neno. Kilichoiharibu ni rangi zilizokaa jirani nayo. Ukiwahi kukesha ukitafuta kosa ndani ya moduli moja, kisha ukagundua iko sawa na tatizo limetoka kwa jirani yake, utampenda mzee huyu. Kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 1839, na mafunzo yake yakawafikia waimpreshonisti.

Kizuri zaidi ni hiki: Chevreul huyo huyo ndiye aliyechunguza asidi za mafuta ya wanyama, na mwaka 1825 yeye na Gay-Lussac wakapata hataza ya kutengeneza mishumaa ya asidi ya steariki. Kabla yake mtu wa kawaida Ulaya aliwasha mshumaa wa shahamu uliotoa moshi na kunuka. Kwa hivyo mshumaa safi na elimu ya rangi vimetoka kichwa kimoja. Aliishi miaka 102, na sijui mbona hatumtaji.

Nilirudi kwenye mkebe. Badala ya kuchanganya zambarau moja, niliweka mipigo midogo ya bluu na waridi ubavu kwa ubavu, kila moja ikiwa rangi ambayo wino unaimudu. Kisha kando ya vivuli nikaongeza manjano hafifu ya jua kwenye ncha za majani chai, maana manjano huisukuma jirani yake kuelekea zambarau. Sampuli ya pili haikuwa sawa na karatasi yangu, lakini ukiishika kwa urefu wa mkono milima ilikuwa imeamka. Ukiitazama kwa kioo cha kukuza unaona vitone vya wino, maelfu kwa maelfu. Mashine nayo inachora hivyo hivyo, kwa vitone, na jicho ndilo linalochanganya.

Katikati ya hayo yote mama aliniletea simu yake. Mpwa wake alikuwa amemtengenezea picha kwa programu ya akili bandia, Limuru kwa mtindo wa Monet, sekunde chache, bure. "Sasa niambie, mwanangu, kwa nini nikulipe?"

Swali la haki. Mimi mwenyewe hutumia programu za aina hiyo kazini kuandika msimbo, siwezi kujifanya mtakatifu. Na picha ilipendeza. Niliweza kumwonyesha kwamba majani chai yalikuwa na matuta kama ya mashamba ya lavenda ya Ufaransa, wakati chai ya Limuru, inayopandwa huko tangu 1903, hukatwa juu ikawa tambarare kama meza. Na mikaratusi ilikuwa imegeuka miti ya Ulaya. Lakini sikutaka kusimama hapo, kwa sababu makosa hayo mwakani yatarekebishwa. Nilimuuliza tu kibandiko chake kinasema nini. Kinasema mshumaa umemiminwa kwa mkono na boksi limechorwa kwa mkono.

Alinyamaza, akakunja simu kwenye leso.

Tulielewana mandhari mbili badala ya nne, mchaichai na mkaratusi. Mbili zilizobaki zina karatasi ya kahawia bila picha, na neno "kuchorwa" halimo kwenye vibandiko vyake. Naona za kahawia nazo zinauzika. Sasa anazungumzia harufu ya mikoko na bahari ya Lamu, na kijani kile cha maji ya mkondo saa nane mchana ni kigumu kwa wino kuliko hata zambarau. Mkebe bado uko mezani.