Njia ya Theluji ya Mtakatifu Bernardo

Wengi wetu theluji twaiona kwa mbali tu, juu ya Kilimanjaro. Lakini kati ya Uswisi na Italia iko njia ya motokaa ipandayo hata mita 2,469, penye theluji tele. Hapo Mtakatifu Bernardo alijenga nyumba ya wasafiri yapata mwaka 1050. Watawa wa Mtakatifu Agostino wangali wakipokea wageni humo. Zamani waliwatafuta waliopotea kwa msaada wa mbwa wao wakubwa.

Wakati wa baridi njia ya juu hufungwa. Motokaa hupita katika handaki lililochimbwa chini ya mlima na kufunguliwa mwaka 1964. Hata hivyo barabara za kulifikia huteleza. Basi dereva mwenye akili hujitayarisha kabla ya kuondoka: huuliza habari za hali ya hewa, hujaza petroli, huvisha magurudumu mipira ifaayo theluji, huchukua minyororo ya kuyafunga, koleo, taa, blanketi, chakula na maji. Njiani huenda polepole, huacha nafasi kubwa mbele yake, wala hakanyagi breki kwa ghafula.

Akikwama, asiiache motokaa na kutangatanga. Na kabla ya kuwasha injini apate joto, aondoe theluji penye bomba la moshi. Bomba likizibwa, hewa ya sumu huingia ndani, nayo haina harufu. Watu husinzia na kufa bila kujua.

Ndugu yenu akienda kusoma au kufanya kazi huko, mwandikieni neno hili. Sala ya safari ni njema, na koleo pia.