Cheti na Jina

Sisi wa Bahati twajua kupanda matatu hadi Nakuru mjini na bahasha ya vyeti kwapani. Mimi nimezunguka nayo hadi viatu vikaisha soli. Lakini cheti changu na sura yangu havikukosana. Je, mwanamke ambaye cheti chake kina jina la kiume? Kabla ya kuulizwa ujuzi, huulizwa mwili.

Sheria ya Ajira ya 2007 yakataza ubaguzi wa jinsia, ila waliobadili jinsia haiwataji. Ndipo Audrey Mbugua akaenda mahakamani. Oktoba 2014, Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani limpe cheti chenye jina lake, kisicho na alama ya jinsia.

Enyi waajiri, someni alama za mtihani. Hizo ndizo alizotolea jasho.