CD ya baba mdogo na safari za shangazi

Nimerudi chuo juzi, mgongo bado unauma kwa lile basi, lakini hii lazima niwasimulie.

Likizo nilikuwa nasafisha stoo ya baba mdogo pale Kasulu. Nikakuta CD ya Debian 2.2, toleo la mwaka 2000, imeandikwa NONUS. Nikacheka, nikajua wamekosea kuandika BONUS. Baba mdogo akasema, "Soma vizuri. Maana yake si ya Marekani."

Kumbe bwana! Sheria ya Marekani ilikuwa imeweka programu za usimbaji fiche kundi moja na silaha, kuzipeleka nje bila kibali ni kosa. Phil Zimmermann aliitoa PGP bure mwaka 1991, akachunguzwa kuanzia 1993, ikaisha 1996 bila kushtakiwa. Watu wa Debian wakaona isiwe tabu, wakaziweka programu hizo kwenye seva zilizo nje ya Marekani. Kuingia Marekani ruksa, kutoka ndiyo ngoma! Januari 2000 masharti yakalegezwa kwa programu huria, na mwaka 2002 Debian wakaziingiza kwenye hifadhi yao kuu.

Mi nikauliza, ugomvi wote huo wa nini? Mtu mwema anaficha nini?

Shangazi alikuwa anachambua maharage mlangoni. Akanyamaza kidogo, halafu: "Mwanangu, unadhani huwa naenda Kibondo kufuata nini?"

Nilijua biashara. Kumbe anafuata dawa. Akionekana kwenye foleni ile hapa Kasulu, jioni mtaa mzima unajua. Analipa nauli ili jina lake lisisomwe. (Ameniruhusu kuandika, mradi nisimtaje.)

Sikuwa na la kusema, jamani. Projekti yangu ya mwaka wa mwisho ni ya kutunza kumbukumbu za zahanati, na majina ya wagonjwa nilikuwa nimeyaacha wazi, eti kufuli nitaweka nikipata muda!

Jana usiku nimeanza upya. Faili zote sasa zinafungwa kwa GnuPG, ambayo Werner Koch aliianza Ujerumani, mbali na sheria ile, toleo 1.0 likatoka 1999. Haijanidai kibali wala shilingi. Supervaiza atanuna nimechelewa. Anune tu.

Haya, nakimbilia lekcha. Tuonane kantini!