Kilichofungiwa Stoo

Mwaka 2013 serikali ya Jubilee iliingia madarakani nchini Kenya ikiwa imeahidi laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Ahadi hiyo ilinaswa kwenye mivutano ya zabuni, ikafufuka mwaka 2016 ikiwa na sura nyingine: vishikwambi vya kubaki shuleni, pamoja na laptopu za walimu, projekta na seva ndogo yenye masomo. Majaribio yalianzia katika shule 150. Miaka michache baadaye, vifaa zaidi ya milioni moja vilikuwa vimefika katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000, na umeme ukafika madarasa ambayo hayakuwahi kuwa na balbu. Sitaki kuubeza ushindi huo.

Lakini nimewahi kukaa katika kamati ya wazazi ya shule mojawapo. Chumba kilichokuwa imara kuliko vyote pale kilikuwa stoo: mlango wa chuma, kufuli mbili, mlinzi wa usiku. Nilimwuliza mwalimu mkuu watoto huvitumia lini vifaa vilivyomo. Akanijibu bila hasira, "Mzazi, kikipotea kimoja nitaandika barua hadi nichoke. Visipotumika muhula mzima, hakuna atakayeniuliza."

Nikiwa njiani kurudi nyumbani nilikuwa bado namlaumu. Baadaye nikakumbuka vikombe vya marehemu mama, vilivyokaa kabatini vikingojea wageni wa heshima, huku sisi tukinywea chai kwenye vya plastiki. Mama hakuwa mchoyo. Alijua tu kwamba kikombe kikivunjika, hakuna fedha za kingine. Mwalimu naye alikuwa ametia sahihi ya kupokea mali, na hakuna karatasi yoyote iliyomruhusu kukiharibu hata kifaa kimoja kwa kukitumia. Na kishikwambi kilicho mikononi mwa mtoto wa miaka saba kitaanguka, tupende tusipende.

Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona. Watoto wakaenda nyumbani, vishikwambi vikabaki stoo, na waliobahatika wakafuata masomo kwenye redio na televisheni.

Redio! Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa chombo hichohicho, ikawafikia watu wapatao milioni mbili. Nguvu yake haikuwa redio peke yake. Viongozi wa vikundi vya wasikilizaji walifundishwa kabla ya matangazo kuanza, vijitabu vikachapishwa, na kila kikundi kikajua saa ya kukutana. Kipindi kilipokwisha, watu walijadiliana, kisha wakaamua kazi ya kufanya, kama vile kuchimba choo au kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Aliyeipanga kampeni ile alijiuliza kwanza watu watafanya nini redio ikishazimwa. Sera zetu za sasa huanzia dukani, halafu mafunzo ya mwalimu yakafinywa katika siku chache.

Katika kikao cha kamati kilichofuata nilipendekeza tutenge fedha za matengenezo, na tuandike kwenye kumbukumbu kwamba mwalimu hatadaiwa kifaa kilichovunjika darasani. Mweka hazina akauliza fedha hizo zitatoka fungu lipi. Fungu halikuwepo. Tukahamia ajenda ya uzio.