Msichana na Elimu ya Fizikia

Msomaji wangu, huenda umewahi kusikia ikisemwa kwamba fizikia ni somo la wavulana, na kwamba msichana aliyejaliwa akili afadhali achague masomo mengine yanayomfaa. Maneno haya hayasemwi kwa ukali. Aghalabu husemwa kwa huruma, na shangazi ampendaye mtoto, na jirani mwenye nia njema, hata na mwalimu; na kwa kuwa husemwa kwa upole, msichana huyapokea kama ushauri, asijue kwamba mlango umefungwa mbele yake. Mimi nililifundisha somo hili miaka mingi katika shule ya wavulana na wasichana, na nataka kukueleza jinsi nilivyoufunga mlango huo kwa mkono wangu mwenyewe, hali nikijidhani kuwa mtu wa haki.

Darasani sikumbagua mtu. Aliyeinua mkono nilimwita, na aliyejibu vema nilimsifu. Lakini maabara yetu ilikuwa ndogo, na vyombo vyake vilikuwa haba: ameta sita, voltimeta sita, na wanafunzi zaidi ya arobaini. Ikanibidi niwagawe katika makundi sita. Katika kila kundi mmoja aliunganisha nyaya, mwingine alisoma vipimo, mwingine aliandika tarakimu katika jedwali, na waliosalia walitazama. Kazi hizo sikuzigawa mimi, waligawana wenyewe. Na kila juma, kana kwamba ilikuwa sheria, wavulana walishika nyaya na wasichana walishika kalamu. Nilipouliza sababu, niliambiwa kwamba wasichana wana mwandiko mzuri. Ilikuwa kweli, nami, niliyependa madaftari safi kuliko ilivyonipasa, niliridhika.

Alikuwapo msichana mmoja ambaye jina lake nitalihifadhi. Katika kidato cha pili aliniambia kwamba alitaka kujua redio inavyotengenezwa. Daftari lake lilikuwa zuri hata nikalionyesha kwa madarasa mengine. Kanuni ya Ohm aliijua kwa moyo: kwamba mkondo upitao katika waya huongezeka kwa kadiri ile ile ya volti, maadamu joto la waya halibadiliki. Aliweza kuchora njia ya umeme bila kosa. Kwa miaka minne aliandika tarakimu za majaribio ya kundi lake, na kwa miaka minne sikuona kwamba hakuwahi kukaza waya hata mmoja.

Mwaka 1994 alifanya mtihani wa mwisho. Katika mtihani wa vitendo hapana kundi. Kila mtahiniwa hukaa peke yake mbele ya vyombo vyake. Mimi sikuruhusiwa kusimamia, nikangoja nje chini ya mti. Alipotoka alikuwa halii, ila uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa ameifunga ameta moja kwa moja katika ncha mbili za betri. Wewe uliyesoma utafahamu maana yake. Ukinzani wa ameta ni mdogo sana, na kwa hiyo ni lazima iwe katika mstari mmoja na kifaa kingine cha kuuzuia umeme. Ikifungwa peke yake kwenye betri, mkondo huingia kwa nguvu kama maji yaliyovunja kingo. Sindano iliruka, ikagonga ukingo na kupinda. Alipewa ameta nyingine, lakini muda ulikuwa umekwenda, na mikono ilikuwa ikitetemeka.

“Mwalimu,” aliniambia, “nayajua yote. Ila sikujua waya wa kwanza huanzia wapi.”

Leo mwanafunzi yule ni mhasibu, tena mhasibu hodari, na kazi hiyo siilaumu. Lakini hakuichagua kwa kuipima na ile ya redio. Aliifikia kwa sababu njia ya pili ilikuwa imezibwa, na mmoja wa walioiziba ni mimi.

Mwaka uliofuata nilibadili desturi. Niliamuru kwamba kila juma kazi zibadilishane mikono: aliyeandika juma hili aunganishe nyaya juma lijalo. Usidhani kwamba nilishangiliwa. Wavulana waliandika majedwali ambayo hata wao hawakuweza kuyasoma. Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba baadhi ya wasichana walinijia faraghani kuniomba niwarudishie kalamu. Nilifikiri juu ya ombi hilo siku nyingi kabla ya kulielewa. Mwenye kalamu hakosei. Taa ikikataa kuwaka, anayechekwa ni mwenye waya. Mwenye kalamu huandika tu kwamba haikuwaka. Wasichana wale walikuwa wamelelewa wasikosee mbele za watu, na wavulana walikuwa wamesamehewa makosa tangu walipoanza kufungua na kuharibu tochi za baba zao. Tofauti niliyokuwa nikiiita ya akili ilikuwa tofauti ya tochi zilizoharibika.

Siku moja, ili kuwatia moyo, niliwapa habari ambayo nakupa na wewe, maana ilitukia katika pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, na chombo kilichobebwa kilikuwa cha Wamarekani wa shirika la NASA. Kwa heshima ya siku ile chombo kiliitwa Uhuru, kwa Kiswahili hiki hiki usomacho.

Kwa nini waje mpaka Malindi? Jibu lake ni fizikia. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na mahali penye mwendo mkubwa kupita pote ni ikweta, ambapo ardhi huenda kilomita 1,670 hivi kwa saa. Malindi i karibu na ikweta. Roketi irushwayo kutoka huko kwenda mashariki huondoka ikiwa imekwisha kupewa mwendo huo bure. Tena upande wa mashariki ni bahari tupu, na vipande viangukavyo havimdhuru mtu. Na kwa nini kupanda juu ya anga? Kwa sababu chombo kile kilitafuta mionzi ya eksirei itokayo katika nyota, nayo hainifikii mimi wala wewe hapa chini, kwa kuwa hewa huimeza yote. Hadi kilipokoma kazi Machi 1973, Uhuru kilikuwa kimeonyesha mahali zaidi ya 300 mbinguni panapotoa mionzi hiyo. Pamoja kati ya hapo, paitwapo Cygnus X-1, palimetameta upesi hata wataalamu wakashuku kwamba pana shimo jeusi, kitu chenye mvuto mkubwa hata nuru haiwezi kutoka.

Aliyeusimamia mradi huo alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, ambaye mwaka 1951 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha George Washington. Nilipotaja hilo, msichana mmoja wa nyuma aliuliza, “Mwalimu, yeye alishika nini, kalamu au waya?” Darasa lilicheka. Nikamjibu kwamba alishika mradi wote: kasoro ikitokea, yeye ndiye wa kuulizwa.

Sitakudanganya kwamba wanawake wa sayansi hupewa haki zao sikuzote. Lise Meitner, pamoja na mpwa wake Otto Frisch, alieleza mwaka 1939 jinsi kiini cha urani kinavyopasuka. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1944 kwa ugunduzi wa mpasuko huo alipewa Otto Hahn peke yake. Ni vema uyajue haya kabla ya safari.

Baba mmoja alinijia siku ya wazazi, akaniuliza kwa adabu binti yake atakula nini kwa fizikia. Nilimtajia Olkaria, ambako mvuke wa chini ya ardhi huzungusha mitambo na kutupa sehemu kubwa ya umeme wetu. Nilimtajia hospitali, ambako lazima awepo mtu wa kupima kiasi cha mionzi ya kutibu saratani, isizidi ikamdhuru mgonjwa. Kisha nikamwambia lililonisumbua zaidi: msichana aliachaye somo hili akiwa na miaka kumi na sita huenda hajui kwamba ameacha na uhandisi, maana vyuo vitamtaka alete fizikia. Alisema atafikiri. Sikumlaumu; karo alilipa yeye.

Na wewe msomaji, ukiwa msichana, na juma lijalo kundi lako likakuwekea kalamu mkononi kwa sababu ya mwandiko wako, ipokee siku hiyo, lakini siku ya pili omba waya. Ukiwa mvulana, mpe, wala usimfundishe kabla hajakuuliza.

Yule msichana wa nyuma alipofikiwa na zamu yake aliunganisha seli tatu mahali palipotakiwa seli moja. Balbu iling'aa kwa ghafla kama jua, ikaungua. Wenzake walinyamaza. Alinitazama, mkono wake ungali umeshika waya, akingoja niuchukue. Nikafungua kabati, nikampa balbu nyingine.